NYUMBA KAVU NI AFYA YA KAYA: MAFUNZO KUTOKA KIGOMA, UJIJI NA MWAMBAO WA ZIWA TANGANYIKA

Somo la safari hii linahusu makaazi ya wananchi wenye kipato kidogo, na mfano wake umechukuliwa kutoka Kigoma, Ujiji na vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika. Mfano huo haukuteuliwa kwa bahati tu. Ujiji ni mji uliokuzwa na biashara ya misafara iliyoliunganisha ziwa hilo na Bahari ya Hindi katika karne ya 19, na watu waliotoka pwani walikwenda huko pamoja na nyumba yao: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba pande mbili na ua nyuma. Mkaazi wa Unguja au Pemba akifika Ujiji huiona nyumba anayoifahamu, na maradhi ya nyumba hiyo ni yale yale anayoyafahamu: ukuta unaomong'onyoka chini, sakafu ya vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa mvua, na chumba ambacho moshi hauna pa kutokea.

Madhumuni ya somo ni kueleza namna ambavyo kaya yenye uwezo mdogo inaweza kuifanya nyumba yake kuwa kavu, yenye joto la wastani na salama kwa afya, bila ya kuibomoa na kuanza upya. Jambo kubwa linalosisitizwa ni utaratibu. Fedha kidogo zikitumiwa kwa mpangilio ulio sawa huifaa nyumba kuliko fedha nyingi zilizotumiwa kinyume. Mpangilio wenyewe ni huu: kwanza mahali, pili maji, tatu sakafu, nne kuta, na tano moshi na hewa.

HALI YA NYUMBA NA HALI YA MVUA

Mkoa wa Kigoma, ambao katika Sensa ya mwaka 2022 ulikuwa na zaidi ya watu milioni 2.4, hupata msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia Oktoba au Novemba hadi Aprili au Mei. Hakuna pumziko refu katikati yake kama lile lililopo baina ya vuli na masika ya pwani. Ukuta uliolowa mwezi wa Disemba huweza kubaki na unyevu hadi mvua zitakapokatika.

Nyumba nyingi za kaya maskini hujengwa kwa matofali mabichi ya udongo, au kwa miti na fito zilizokandikwa. Udongo si kosa. Ni kitu cha bei nafuu, hupatikana kiwanjani, hupunguza ukali wa jua mchana na huhifadhi joto la usiku. Adui wa udongo ni maji. Ukuta wa udongo uliokauka huweza kusimama miaka mingi. Ukuta huo huo ukilowa kwa chini mwaka baada ya mwaka hupungua unene kidogo kidogo, na siku ya kuanguka huanguka usiku, watoto wakiwa wamelala kando yake.

Unyevu pia ndio unaoleta baridi. Katika nyanda za juu za Kasulu na Buhigwe, usiku wa miezi ya Juni na Julai huwa wa baridi kweli, na hata kando ya ziwa wazee na watoto wachanga huihisi baridi wakati wa mvua. Ukuta uliolowa hupitisha joto nje upesi kuliko ukuta mkavu, na maji yanapokauka ukutani huchukua joto la chumba. Kwa sababu hiyo, hatua ya kwanza ya kuipasha nyumba joto ni kuikausha. Kuwasha moto ndani hufuata baadaye sana, na pengine huwa hauhitajiki kabisa.

KWANZA: MAHALI

Kabla ya kutumia hata shilingi moja, kaya ijiulize iwapo nyumba ipo mahali panapostahili kutengenezwa. Suali hili ni chungu, lakini mwambao wa Ziwa Tanganyika umelijibu mara nyingi.

Ziwa hilo, ambalo Tanzania inaligawana na Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia, lina njia moja tu ya kutolea maji, nayo ni mto Lukuga ulio upande wa Kongo. Katika miaka ya 1870 mlango wa mto huo ulikuwa umezibwa na mchanga na mimea, na maji ya ziwa yakapanda juu sana. Kufikia mwaka 1879 kizuizi kilikuwa kimekwisha kuvunjika na maji yalikuwa yakitoka kwa nguvu. Ziwa likashuka kwa mita kadhaa katika miaka iliyofuata. Ndiyo sababu mahali panapokumbukwa pale Ujiji kuwa ndipo Livingstone na Stanley walipokutana mwaka 1871, ambapo wakati huo palikuwa karibu na ufukwe, leo pako mbali na maji.

Ardhi iliyoachwa wazi na ziwa ni tambarare na yenye rutuba, na watu wakajenga. Lakini ziwa halikuihama ardhi hiyo moja kwa moja. Mvua kubwa za mwanzoni mwa miaka ya 1960 zililipandisha tena, likafikia kilele mwaka 1964. Liliongezeka tena mwaka 2020 na 2021, na kwa mara nyengine mwaka 2024, na katika nyakati hizo nyumba, bandari, mialo na barabara za mwambao ziliingiliwa na maji kuanzia Burundi hadi Kigoma. Mtu mwenye umri wa miaka arobaini aliyejenga ufukweni mwaka 2000 hakuwa mjinga. Hakuwahi kuliona ziwa likipanda namna hiyo. Aliyeliona ni babu yake.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ya Tanzania Bara inakataza shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa au mto. Wapo wanaoiona sheria hiyo kuwa ni ya kuwanyima maskini viwanja. Kwa upande wa afya, ni sheria ya kuwakinga. Maji yanapoingia uani huingia pia katika shimo la choo, na yaliyomo shimoni hutoka na kusambaa kisimani na jikoni. Mwezi wa Mei 2015, katika kijiji cha Kagunga kilicho ufukweni karibu na mpaka, maelfu ya wakimbizi waliotoka Burundi walikusanyika pasipo maji safi wala vyoo vya kutosha, na kipindupindu kikalipuka na kuua watu.

Kwa hiyo kaya iliyo ndani ya ukingo wa maji, au katika bonde lisilo na njia ya kutolea maji, haishauriwi kumwaga saruji hapo. Akiba yake, hata iwe ndogo kiasi gani, iwekwe kwa ajili ya kiwanja cha juu zaidi. Na mtumishi wa serikali anayeiambia kaya ihame bila ya kuionesha mahali pa kwenda atambue kuwa amefanya nusu ya kazi yake.

PILI: MAJI YA PAA NA MAJI YA ARDHI

Nyumba ikiwa ipo mahali panapofaa, kazi ya mwanzo ni kuyaondosha maji, na kazi hiyo inahitaji nguvu zaidi kuliko fedha.

Hesabu ndogo itasaidia kufahamu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Nyumba yenye paa la mita za mraba 40, ikipata mvua ya milimita 25 kwa mchana mmoja, hupokea lita 1,000 za maji. Lita hizo zote humwagika kwenye mguu wa kuta. Paa la nyasi huyapunguza kasi na kuyatawanya. Paa la bati huyashusha kwa mkupuo.

Hapa ndipo penye kosa linalotendeka mara kwa mara. Kaya ikipata fedha, jambo la kwanza inalonunua ni mabati. Kuanzia mwaka 2012, chini ya Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini ulioendeshwa na TASAF Tanzania Bara na Zanzibar, kaya nyingi ziliweka akiba kutokana na ruzuku zao na kuezeka bati, na hatua hiyo inastahili sifa. Lakini bati lililokatwa sawa na ukuta ili kubana matumizi, bila ya upenu na bila ya mtaro, humwaga maji juu ya udongo kwa nguvu kuliko nyasi zilizoondolewa. Nyumba hupata kofia nzuri huku miguu yake ikioza.

Mambo yafuatayo yazingatiwe:

(a) Upenu utokeze angalau sentimita 60 nje ya ukuta, hasa upande unaopigwa na mvua ya upepo. Ni bora kupunguza ukubwa wa chumba kuliko kupunguza upenu.

(b) Mtaro uchimbwe kuizunguka nyumba chini ya mchirizi wa paa, uwe na mteremko, na uwe na mwisho unaojulikana. Mtaro usio na mwisho ni dimbwi la mbu. Na mtaro unaoishia kwa jirani ni ugomvi.

(c) Ardhi iliyo baina ya ukuta na mtaro ishindiliwe na iinamie nje. Mawe au vigae vikipatikana vipangwe hapo ili matone yasirushe tope ukutani.

(d) Mguu wa ukuta uliokwisha kuliwa uzibwe kwa mawe na udongo mzuri, kisha ujengewe kibaraza cha mawe cha kuukinga. Baraza ya nyumba za Ujiji, ambayo wengi huidhania kuwa ni ya kukalia tu, ina kazi hiyo pia.

(e) Anayejenga upya ainue msingi wa mawe sentimita 30 hadi 45 juu ya ardhi, na juu ya msingi atandaze karatasi nzito ya plastiki au lami kabla ya kupanga tofali la kwanza, ili unyevu wa ardhini usipande.

(f) Penye uwezo, mfereji wa bati uwekwe ukingoni mwa paa na maji yaingizwe katika pipa lenye kifuniko. Maji yaliyokuwa yakibomoa ukuta yatakuwa maji ya kufulia.

TATU: SAKAFU

Sakafu ya vumbi huhifadhi wadudu wawili wanaowatesa wananchi. Wa kwanza ni funza, aingiaye miguuni. Wa pili ni papasi, mdudu wa jamii ya kupe, ambaye hujificha mchana katika nyufa za sakafu na kuta za udongo, hutoka usiku kunyonya damu ya waliolala, kisha hurejea mafichoni kabla hawajaamka. Anaweza kukaa muda mrefu sana bila ya kula akingoja wenye nyumba warudi.

Papasi huambukiza homa ijulikanayo kwa jina lake, homa inayopanda kwa siku kadhaa, ikapoa, kisha ikarejea. Daktari Joseph Everett Dutton, aliyekuwa akiichunguza homa hiyo mashariki mwa Kongo pamoja na mwenzake John Lancelot Todd, alifariki kwa homa hiyo hiyo mwaka 1905. Mwaka huo huo Robert Koch, katika uchunguzi wake Afrika Mashariki, aliviona vijidudu vya maradhi hayo ndani ya mayai ya papasi, ikafahamika kwamba papasi huwarithisha watoto wake. Leo homa ya papasi inatibika hospitalini kwa dawa, na ni hatari zaidi kwa mama mjamzito na mtoto mchanga. Mgonjwa mwenye homa inayokwenda na kurudi, ambaye kipimo cha malaria hakioneshi kitu, amweleze mganga kuwa hulala katika nyumba ya udongo.

Dawa ya papasi na funza ni sakafu isiyo na vumbi wala ufa. Kuna daraja tatu, na kila kaya ichague inayoimudu. Daraja la kwanza ni udongo wenye mchanga, uliolowanishwa kidogo, ukashindiliwa kwa nguvu katika matabaka membamba, na kuzibwa nyufa kila zinapotokea. La pili ni udongo huo uliochanganywa na saruji kidogo. La tatu ni zege jembamba juu ya tabaka la mawe au kokoto. Tabaka hilo lisiachwe, kwani ndilo linalozuia maji ya ardhini kupanda.

Faida ya kazi hii imepimwa. Katika jimbo la Coahuila nchini Meksiko, serikali ilianza mwaka 2000 kuwapatia maskini saruji ya kufunika sakafu za udongo. Watafiti walipolinganisha kaya hizo na nyengine zilizofanana nazo, waliona kuwa pale ambapo sakafu yote ilifunikwa, minyoo na vimelea vya tumbo kwa watoto vilipungua kwa asilimia 78, maradhi ya kuharisha kwa asilimia 49 na upungufu wa damu kwa asilimia 81. Kuta na mapaa hayakuguswa.

NNE: KUTA

Usipoziba ufa utajenga ukuta, wahenga walisema, na kwa nyumba ya udongo usemi huo hauhitaji tafsiri. Baada ya kila msimu wa mvua, mwezi wa Juni, kaya izungukie kuta zake na kuziba kila ufa kwa udongo unaofanana na ule wa ukuta.

Wananchi watahadharishwe na lipu nzito ya saruji juu ya ukuta wa udongo. Saruji ni ngumu na udongo hutanuka na kunywea. Vitu hivi viwili havishikani kwa muda mrefu. Lipu hupasuka, maji huingia nyuma yake na kubaki humo, na ukuta huoza ukiwa umevaa nguo mpya. Lipu ya udongo na mchanga, au yenye chokaa, hukubaliana na ukuta zaidi, na mwenye nyumba anaweza kuirudia mwenyewe.

Kwa anayejenga upya, Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umehimiza kwa miaka mingi matofali ya kufungamana, yanayoshindiliwa kwa mashine kwa kuchanganya udongo na saruji kidogo. Hayachomwi, kwa hiyo hayali kuni, jambo kubwa katika mkoa ambao misitu yake imekatwa kwa tanuri za matofali na kwa mkaa.

Udongo upimwe kabla ya kazi. Fundi atengeneze kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 60, upana wa sentimita 4 na kina cha sentimita 4, akijaze udongo uliolowa, na akiache juani siku tatu au kivulini siku saba. Kisha ausogeze udongo wote upande mmoja na apime pengo lililobaki. Pengo la chini ya milimita 15 humaanisha kuwa sehemu moja ya saruji inatosha kwa sehemu 18 za udongo. Pengo la milimita 45 hadi 60 huhitaji saruji sehemu moja kwa 12. Likizidi hapo, udongo huo ni wa mfinyanzi mno na uongezwe mchanga. Tofali likishatoka mashinani lifunikwe na liwekwe na unyevu kwa siku saba au zaidi. Tofali lililokaushwa juani siku ya kwanza ni hasara.

TANO: MOSHI NA HEWA

Nyumba ikishakauka ndipo pazungumzwe moto. Kaya nyingi hupikia kuni au mkaa, na wakati wa mvua jiko huingizwa chumbani. Moshi huo huwaletea watoto wadogo homa ya mapafu, na huwadhuru macho na vifua vya kina mama. Jiko la mkaa halina moshi mwingi, lakini hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Kulala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa, kwa ajili ya kutafuta joto, kumekwisha kuzima roho za watu wengi. Jambo hili lisifanywe kabisa.

Banda la jiko lijengwe uani, hata kama ni la nyasi, lenye uwazi chini ya paa pande mbili zinazoelekeana. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, umeweka lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Hadi gesi au umeme utakapoifikia kila kaya, banda lenye hewa na kuni zilizokauka vizuri ni msaada wa haraka.

Chumba cha kulala kiwe na dirisha linalofunguka, na liwekwe wavu. Uwazi uliopo baina ya ukuta na paa ndio mlango mkubwa wa mbu wa malaria. Uzibwe kwa udongo au wavu, lakini hapo tena dirisha lisikosekane, kwani nyumba iliyozibwa pote hurejesha unyevu na kuukaribisha ugonjwa wa kifua kikuu.

WAJIBU WA WATENDAJI

Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, vikundi vya wananchi vilikusanyika mbele ya redio nchi nzima, vikasikiliza somo, vikajadili, kisha vikatoka kuchimba vyoo na kufyeka majani. Mafanikio hayo yalipatikana kwa sababu somo lilifuatwa na kazi siku ile ile. Utaratibu huo unafaa kwa makaazi pia: mtaa au shehia ichague siku moja kabla ya mvua, na mitaro yote ichimbwe kwa pamoja, kwa sababu maji hayatambui mipaka ya viwanja.

Maofisa Afya, Watendaji wa Kata na Masheha wanakumbushwa kutoihesabu nyumba kuwa bora kwa kutazama paa pekee. Wainame pia watazame mguu wa ukuta. Anayegawa msaada wa mabati aulize habari za upenu na mtaro kabla ya kutia saini. Nao wenye nyumba za kupangisha watambue kuwa ukuta wa mpangaji ni ukuta wao. Mpangaji anayechimba mtaro au kuziba nyufa kwa gharama zake apewe maandishi, na gharama hizo zikatwe katika kodi, ili asiadhibiwe kwa kuitunza mali isiyo yake.

Kwa kaya yenyewe, somo ni jepesi kulikariri: mahali, maji, sakafu, kuta, moshi. Asiye na fedha za mwaka huu anaweza kuanza na jembe. Mtaro uliochimbwa mwezi wa Septemba hauna gharama, na mvua ya kwanza ya Oktoba ndiyo itakayokuwa shahidi wake.